Mitego ya mafuta kwa waosha magari wa Mwanza: boksi la dukani, majaba, chemba ya tofali na soksi za kunyonya

Mtaro wa mvua hauna mtambo wa kusafisha maji mwishoni mwake. Jambo hili wengi hawalijui, hata wenye biashara ya kuosha magari. Maji yakishaingia mtaroni Mwanza yanateremka na mlima, mengi yanaangukia Mto Mirongo unaopita Mabatini na katikati ya mji, na kutoka hapo ni Ziwa Victoria. Ni ziwa hilohilo ambalo MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, wanavuta maji pale Capri Point kuturudishia majumbani. Gari moja likioshwa huacha oili iliyovuja chini ya injini, grisi ya beringi, vumbi la breki lenye shaba, chembe za matairi zenye zinki, mchanga na sabuni. Kiangazi chote, kuanzia Juni hadi Septemba, uchafu huo unagandia kwenye mitaro mikavu. Mvua za kwanza za vuli zinausomba wote kwa mpigo.

Dawa yake ni mtego wa mafuta na mchanga kabla maji hayajafika mtaroni. Sokoni kuna vitu vingi vinavyouzwa kwa jina hilo, na vingine havifanyi kazi hiyo kabisa. Hapa tunavipima vinne kwa kipimo kimoja: sehemu yenye nafasi mbili za kuoshea, kila moja na mashine ya presha inayotoa lita 15 kwa dakika. Zote mbili zikiwaka ni lita 30 kwa dakika, yaani nusu lita kila sekunde.

Kabla ya kufungua pochi, elewa mtego unafanya nini. Hauchuji. Unayatuliza maji ili mafuta yapande yenyewe na mchanga uzame wenyewe. Tone la oili lenye upana wa mikroni 150 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) hupanda kama sentimita 7 kwa dakika katika maji yaliyotulia. Tone la mikroni 60, ambalo ni unene wa unywele hivi, hupanda sentimita moja na kidogo tu. Tone la mikroni 20 linahitaji saa nzima kupanda sentimita 8. Kasi inapungua kwa mraba: tone likiwa dogo mara tatu, linapanda polepole mara tisa. Kwa hiyo unaponunua mtego unanunua muda wa maji kukaa ndani na upana wa uso wa maji. Muuzaji anayekusifia rangi, kifuniko na nchi ilikotoka, bila kukutajia ujazo, bado hajakuambia kitu.

Boksi la plastiki au chuma, lita 50 hadi 150

Hili ndilo linalouzwa zaidi, na ndilo tunaloliponda bila kusita. Ni mtego wa grisi wa jikoni. Umetengenezwa kukamata mafuta ya kupikia, yanayopoa na kuganda, chini ya sinki la mgahawa. Kile kikapu cha ndani ni cha mabaki ya chakula. Mchanga unapita kwenye matundu yake kama maji.

Fanya hesabu. Boksi la lita 100 likipokea nusu lita kwa sekunde, maji yanakaa ndani sekunde 200, dakika tatu na sekunde ishirini. Katika muda huo tone la mikroni 60 limepanda kama sentimita 4, na hapo tumechukulia maji yametulia kabisa, jambo ambalo haliwezekani ndani ya kisanduku kinachopigwa na maji ya presha. Kisha kuna mchanga. Tuseme kila gari linaacha nusu kilo tu. Magari 20 kwa siku ni kilo 10. Kwa siku sita za kazi ni kilo 60, ambazo zikishatulia zinachukua karibu lita 40. Kufikia wiki ya pili boksi limegeuka kuwa njia ya maji juu ya tope, na oili yote inapita. Kwa magari, usilinunue. Kama tayari unalo, lipeleke kwa mama lishe. Huko ndiko kwao.

Usilichanganye na vitenganishi halisi vya viwandani, vinavyotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 858. Hivyo ni vitu vizuri. Daraja la I linatakiwa kushusha mafuta hadi miligramu 5 kwa lita, daraja la II hadi miligramu 100. Herufi NS na namba yake ni lita kwa sekunde: NS 3 ni lita 3 kwa sekunde, zaidi ya kutosha kwa kipimo chetu. Muulize muuzaji mambo matatu: NS ngapi, daraja gani, na tangi la matope lina ujazo gani. Akishindwa kujibu hata moja, anakuuzia boksi. Na ukiona aina yenye njia ya pembeni ya kupitisha maji yakizidi, iache. Ile ni ya maegesho, haifai sehemu ya kuoshea.

Kitenganishi cha plastiki kina hatari moja katika mji wetu. Karibu na ziwa maji ya ardhini yako juu, hasa masika. Tangi la lita 1,000 lililozikwa likanyonywa lote kwa mkupuo linasukumwa juu na nguvu inayokaribia tani moja, na linaibuka ardhini likiwa limevunja mabomba. Lifungwe kwa mikanda kwenye kitako cha zege, na lisimwagwe lote wakati ardhi imelowa. Kwa upande mwingine, vilimani kwenye mawe ya Mwanza, ambako kuchimba mita moja na nusu ni kazi ya nyundo na patasi, tangi fupi la plastiki linaweza kuwa ndilo jibu pekee la busara. Ni ghali, lakini pima na gharama ya kupasua mwamba.

Majaba matatu

Hii ni ya fundi wa mtaani, na kwa kazi ndogo tunaipa heshima yake. Majaba matatu, yaani mapipa ya plastiki, ya lita 200 yanapangwa mstari mmoja, kila moja likiwa chini ya mwenzake kwa sentimita 5, yameunganishwa kwa bomba la inchi 2. Kwa mpira mmoja wa lita 15 kwa dakika unapata ujazo wa kazi kama lita 450, yaani nusu saa ya maji kutulia. Kwa mtiririko uleule ni mara nne na nusu ya boksi la lita 100, kwa vifaa vinavyopatikana kila mahali. Kwa anayeosha bodaboda na bajaji panatosha.

Siri iko kwenye bomba la kutokea. Lisichukue maji juu. Ndani ya jaba weka elbo na kipande cha bomba kinachoshuka hadi theluthi mbili ya kina, ili maji yatoke katikati na oili ibaki juu. Yanayoharibika ni haya: koneta za plastiki zinavuja kwa sababu ukuta wa jaba ni mwembamba na umepinda, hivyo weka washa ya mpira pande zote mbili. Jua linalipasua jaba, hivyo lipate kivuli. Na jaba la kwanza likijaa mchanga linapita kilo 300. Likiwa juu ya udongo tu linaegemea upande na kung'oa mabomba yote. Liweke juu ya zege.

Chemba ya tofali yenye vyumba vitatu

Kwa sehemu yenye nafasi mbili au zaidi, hii ndiyo chaguo letu, na kwa mbali. Haipendezi machoni, haina nembo, lakini kwa saruji ileile inayojengea kibaraza unapata lita 3,000 za maji yaliyotulia. Kwa kipimo chetu hiyo ni saa moja na dakika arobaini.

Vipimo vya ndani: urefu mita 3, upana mita 1, kina cha maji mita 1, na sentimita 30 za ukuta juu ya maji. Chumba cha kwanza, cha mchanga, mita 1.2, cha pili, cha mafuta, mita 1.2, cha mwisho sentimita 60. Vifaa: tofali 160 za inchi 6, mifuko 13 hadi 15 ya saruji ukijumlisha kitako na vifuniko, mabomba ya inchi 4, na tii nne (viungio vya bomba vyenye umbo la herufi T). Kitako ni zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) lenye unene wa sentimita 12. Plasta ya ndani ni 1:3 yenye dawa ya kuzuia maji, kisha ipigwe niru, yaani rojo la saruji tupu. Chemba inayovuja ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu oili inaingia ardhini ambako hakuna anayeiona, na visima viko hukohuko.

Sasa njoo kwenye tii, maana chemba nyingi zinafia hapo. Fundi aliyezoea karo la choo atatoboa tundu kwenye ukuta wa kati, usawa wa maji, na kusema kazi imeisha. Oili iko juu, tundu liko juu, oili inapita. Kila ukuta upitishwe bomba lenye tii iliyosimama: mguu mmoja unashuka ndani ya maji, mwingine unapanda wazi. Kutoka chumba cha kwanza kwenda cha pili mguu ushuke sentimita 40. Kutoka cha pili kwenda cha tatu, na kutoka cha tatu kwenda nje, ushuke sentimita 60. Ule wa juu ubaki wazi, ili upitishe hewa na uweze kuingiza waya wa kuzibulia, lakini upande sentimita 15 juu ya uso wa maji. Mafundi hupenda kuukata mfupi ili kifuniko kikae vizuri. Tabaka la oili likinenepa linamwagikia ndani ya ule mdomo mfupi, na mtego mzima unageuka faneli ya kuipeleka oili mtaroni. Simamia mwenyewe, na rula mkononi, siku mabomba yanapofungwa.

Bomba la kuingilia likae sentimita 5 juu ya lile la kutokea, nalo lipewe tii inayoshuka sentimita 30 ili maji yasiporomoke na kukoroga chumba cha kwanza. Mabomba mawili ya kati yakae usawa uleule wa lile la kutokea. Sakafu ya kuoshea iteremke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye chemba, na mbele yake iwekwe nondo za kuzuia matambara na chupa.

Vifuniko viwe vya vipande, kila kimoja watu wawili wakinyanyue kwa mikono. Kifuniko cha zege kilichozibwa kwa saruji kinaonekana imara, lakini maana yake ni kwamba hakuna atakayekifungua mpaka siku maji yatakaporudi nyuma na kujaa uwanjani.

Kabla ya kuosha gari la kwanza, jaza chemba yote maji safi mpaka yatoke mwisho. Hili linasahauliwa mno. Chemba tupu haina uso wa maji wa kuibeba oili. Maji machafu ya mwanzo yanapanda taratibu na oili inaingia kwenye miguu ya tii kutoka chini. Fanya hivyo pia kila baada ya kuinyonya.

Mambo mawili yanayoua mtego wowote

La kwanza ni mvua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Sakafu ya mita 100 za mraba isiyo na paa, mvua ikinyesha milimita 50 kwa saa, inaleta lita 5,000 kwa saa, karibu mara tatu ya lita 1,800 ambazo chemba yetu imepangiwa. Mvua haipiti tu. Inakoroga matope na kuisukuma nje oili iliyokusanywa mwezi mzima. Ezeka bati juu ya sehemu ya kuoshea, na gata zake zimwage maji mbali, mtaroni moja kwa moja, kwa kuwa hayo ni masafi. Zungusha tuta la zege la sentimita 10 kuzuia maji ya uwanjani yasiingie. Ukibanwa na fedha, anza na bati na tuta kabla ya kupanua chemba.

La pili ni sabuni. Sabuni kali, sabuni ya unga, na maji ya moto ya presha huivunja oili kuwa vitone vidogo mno vinavyogeuza maji kuwa kama maziwa. Vitone hivyo havipandi, vinatoka na maji hata chemba iwe kubwa namna gani. Tumia sabuni ya maji ya kuoshea magari, kwa kipimo cha kwenye chupa, na ikiwezekana ile iliyoandikwa haina fosfati, kwa kuwa fosforasi ni chakula cha mwani na ziwa letu limeteseka vya kutosha na magugu maji tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kuosha injini kwa mafuta ya taa au dizeli kusifanyike juu ya chemba hii kabisa. Weka injini hiyo juu ya trei, futa kwa tambara, na kilichodondoka kiende kwenye pipa.

Kupima ni rahisi. Chota maji ya chumba cha tatu kwenye chupa ya plastiki inayoonekana, uiache kivulini saa moja. Yakiwa angavu bila utando wa rangi za upinde wa mvua, mtego unafanya kazi. Ukiona utando juu, mafuta yanapita: angalia tii, au chumba cha pili kimejaa. Maji yakibaki meupe kama maziwa, usimlaumu fundi. Badilisha sabuni.

Soksi za kunyonya, na sufi

Soksi nyeupe za polipropilini zinazoelea, yaani mifuko mirefu kama soseji, zinakataa maji na kunywa mafuta. Kwa kazi moja ni nzuri: kukamata utando mwembamba kwenye chumba cha tatu. Kuitupa soksi mtaroni bila chemba, kama wengine wanavyofanya, ni kupoteza fedha. Maji yanapita chini yake na mchanga unaizika.

Mbadala wetu upo mashambani. Sufi, ileile ya mito na magodoro, ina nta ya asili na uwazi ndani ya nyuzi zake. Katika majaribio ya maabara imenyonya oili zaidi ya mara 30 ya uzito wake. Gramu 300 ndani ya mfuko wa wavu, ufungwe kamba, uelee chumba cha tatu. Kwenye chemba ya kweli usitegemee hata nusu ya kile cha maabara, kwa sababu sabuni inaiosha ile nta na sufi inaanza kunywa maji. Mfuko ukizama, umekwisha. Kwa bei yake bado tunaupendelea kuliko soksi ya kuagiza. Pumba za mpunga na maranda hazifai: zinalowa, zinazama, kisha zinaziba tii. Sufi iliyokunywa oili inashika moto haraka, iwekwe kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko, mbali na wachomeleaji.

Kunyonya, na uchafu unakwenda wapi

Mtego bora ukiachwa miezi sita ni sawa na hakuna. Chukua ufito wenye alama za sentimita, upake ile dawa ya kupimia maji wanayotumia vituo vya mafuta, inayobadilika rangi ikigusa maji. Uzamishe chumba cha pili: sehemu iliyolowa bila kubadilika rangi ndiyo unene wa oili. Ikifika sentimita 5 ichote. Kwa chemba hii hizo ni lita 60, zaidi ya robo ya pipa. Chumba cha kwanza, tope likifika sentimita 33 kutoka chini, litoe. Ni kama lita 400, na kwa magari 20 kwa siku kwa hesabu yetu ya juu utafika hapo baada ya wiki kumi hivi. Masika pima kila wiki, magari yanakuja na tope la barabara za vumbi.

Oili ikusanywe kwenye pipa lenye kifuniko, chini ya paa, ndani ya ukingo wa zege, na ikabidhiwe kwa mkusanyaji wa oili chafu mwenye kibali cha taka hatarishi. Ile desturi ya kupaka oili chafu kwenye mbao na nguzo kuzuia mchwa iachwe. Mvua mbili tatu na imeoshwa kurudi mtaroni, na kazi ya chemba yote imekuwa bure. Gari la kunyonya maji taka nalo liulizwe linamwaga wapi kabla hujalilipa.

Chemba haikupi ruhusa ya kuosha magari ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, na kutiririsha maji yaliyotumika kwenye chanzo cha maji kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Wanaosimama ziwani kabisa na ndoo wanajiumiza pia: waosha magari wa ufukwe wa Kisumu walifuatiliwa na watafiti kwa miaka kwa sababu ya kichocho walichokuwa wakipata tena na tena kila baada ya kutibiwa.

Tope la chumba cha kwanza lisiende bustanini wala kwenye dampo la mtaa likiwa bichi. Jenga kitanda cha zege cha mita 1 kwa mita 2 kando ya chemba, chenye kuta za tofali mbili na mteremko unaorudisha maji kwenye chumba cha kwanza. Litandaze unene wa sentimita 20, lifunike bati mvua ikija, na likikauka lipakiwe kwenye viroba kwa mkusanyaji yuleyule wa oili.